Time Stopper inaniishia kabla ya miali ya pili: niitunze kwa ajili ya Quick Man?

*"Habari, mtaalamu. Nacheza Mega Man 2. Nimemshinda Flash Man nikapata Time Stopper, ile silaha ya kusimamisha wakati, na nimesikia ndiyo dawa ya hatua ya Quick Man. Naingia, nikiona mwali wa kwanza tu (ile mistari ya mwanga inayoua ukiigusa) nabonyeza, kila kitu kinaganda, nashuka vizuri, halafu inaisha. Kwenye miali ya pili sina kitu, nakufa. Mara mbili nimebahatika kufika kwa bosi mwenyewe, nikaichagua, nikabonyeza, haikutokea chochote. Rafiki yangu anasema nimekosea, silaha hii si ya miali bali ni ya bosi. Metal Blade naipiga hatua nzima na haiishi. Kwa nini watengeneze silaha inayoisha kwa mbonyezo mmoja? Nibonyeze wapi hasa? Halafu kidole gumba cha kushoto kimeanza kuniuma, sijui kama ni padi au ni mimi."*

Ndugu msomaji, silaha yako ni nzima, na rafiki yako yuko sahihi kwa nusu. Unachouliza ni jambo moja lenye pande mbili: una bonyezo moja tu, na hatua ya Quick Man ina mahali pawili panapolitaka: miali ya pili na bosi mwenyewe. Ukilitumia mahali pa tatu, pale pasipolihitaji, huko mbele kote utakwenda mikono mitupu. Ndicho kinachokupata. Na kule kwa bosi haikutokea kitu kwa sababu mstari wake wa nishati ulikuwa umeshafika sifuri tangu juu kwenye miali. Time Stopper isiyo na nishati ni jina tu kwenye menyu.

Kwanza tuielewe silaha yenyewe, maana wengi huichukulia kama bunduki wakati haifanani nayo hata kidogo. Kila silaha unayompokonya bosi katika Mega Man 2 ina mstari wa nishati wenye vipimo 28. Silaha hutofautiana kwa namna zinavyokula mstari huo. Metal Blade hula kipimo kimoja kwa kila visu vinne, kwa hiyo ukiwa umejaa una visu 112, tena vya kurusha pande nane. Ndiyo maana huioni ikiisha. Crash Bomber hula vipimo vinne kwa bomu moja, hivyo una mabomu saba, basi. Time Stopper haihesabu mapigo. Ukiiwasha, mstari unaanza kumwagika wenyewe kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, mpaka tone la mwisho. Mstari uliojaa hukupa sekunde chache, hazifiki kumi.

Ikishawaka, huwezi kuizima. Kubonyeza tena hakuokoi nishati iliyobaki. Huwezi kufyatua chochote wala kubadili silaha hadi iishe. Mega Man anatembea, anaruka, anaanguka, lakini mkono wake umefungwa. Hapa ndipo watu wanapokasirika, kwa sababu wanasimamisha wakati ili waue maadui walioganda, kisha wanagundua hawawezi kupiga hata risasi moja. Mega Man 4 ya mwaka 1991 ilikuja na Flash Stopper ya Bright Man, na hiyo hukuruhusu kupiga risasi za kawaida wakati maadui wameganda. Kama umewahi kuicheza hiyo, isahau unaporudi kwenye hii ya 1988. Humu kusimamisha wakati ni njia ya kupita salama.

Lipo kosa jingine ambalo sikuliona katika maelezo yako, ila nakuonya mapema kwa kuwa huua wengi: kitu kilichoganda si kitu kilichokufa. Mwali wa Quick Man uliosimama bado unaua ukiugusa. Ukibonyeza wakati mwali umeshavuka njia yako ya kushukia, umejijengea ukuta wa mauti kwa mkono wako mwenyewe, na nishati inamwagika huku umesimama mbele yake huna pa kwenda. Kwa hiyo bonyezo sahihi ni lile la kabla miali haijatoka, au inapochomoza tu kwenye kingo za skrini.

Sasa tuingie kwenye hatua yenyewe. Ukishuka kutoka mwanzo unakutana na kundi la kwanza la miali. Ni fupi. Baada yake unatua kwenye ukumbi wa maadui wa moto, ambapo mwanga wa skrini hubadilika kadiri wanavyotokea na kuuawa. Ukishapita hapo, sakafu inakatika tena na unaanza kushuka kundi la pili, ambalo ni refu kuliko la kwanza kwa mbali, lenye vitu vya kuokota vilivyowekwa pembeni kwa makusudi ili ukawie. Chini kabisa kuna Sniper Armor, yale madude makubwa yanayoendeshwa na askari, kisha mlango wa bosi. Ukiitazama ramani hiyo unaona kosa lako liko wapi: umelipa bei ya safari nzima kwa kituo cha kwanza.

Kundi la kwanza lipite bila silaha. Najua linatisha, lakini miali hii haina bahati nasibu hata chembe. Kila skrini ina saa yake, na saa hiyo huanza kuhesabu pale skrini inapofunguka. Mwali huohuo hutoka upande uleule, kwa mpangilio uleule, leo na kesho. Kinachokuua si kasi yake, ni kusita kwako. Mtu akitua huangalia kwanza, halafu ndipo anakimbia, na kule kuangalia ndiko kunakomaliza muda wote aliopewa.

Fanya hivi. Ukiwa bado hewani, shikilia kitufe cha upande unaokwenda, ili miguu ikigusa sakafu uwe tayari unakimbia. Usiruke ukifika ukingoni. Kuruka hukupeleka juu kwanza kabla ya kukushusha, na huo ni muda wa bure unaoupa mwali. Tembea tu hadi ukingo ukuangushe. Mega Man akianguka huwezi kumwongezea kasi ila unaweza kumwelekeza, kwa hiyo ukiwa unashuka kwenye tundu elekea tayari upande wa tundu linalofuata. Na usiguse kitu chochote cha pembeni. Katika majaribio ya kwanza, hata ukiona uhai wa ziada, uache. Utakufa mara kadhaa, kisha mkono utashika: kulia, kushoto, acha, kulia. Ukishaikariri kama shairi, kundi la kwanza halitakusumbua tena.

Time Stopper tunaiweka kwa kundi la pili, nalo lina utaratibu wake. Ukiwa ukumbini acha silaha ya kawaida au Metal Blade mkononi. Usitembee ukiwa umeichagua Time Stopper, kwa sababu kidole kilichozoea kupiga kitabonyeza B kwa mazoea tu adui akitokea, na hakuna kurudi nyuma. Safisha ukumbi, nenda mpaka ukingo wa shimo, simama. Hapo ndipo ufungue menyu kwa Start. Herufi unayoitafuta ni F, nayo haipo kwenye ukurasa wa kwanza, iko wa pili pamoja na M na C. Ichague, funga menyu, kagua kwamba mstari umejaa. Kisha jiangushe, na skrini ya kwanza yenye miali ikifunguka, bonyeza B papo hapo.

Baada ya hapo usisimame hata kidogo. Kusimamisha wakati hakujakupa nafasi ya kupumzika, kumekupa nafasi ya kutokosea. Ukishuka bila kusita mstari uliojaa utakuvusha sehemu kubwa ya kundi la pili. Usitegemee ukupeleke hadi chini kabisa kila mara, hasa kama kidole kitakwama kwenye ukingo mmoja au miwili. Kwa hiyo skrini za mwisho zichukulie kama zile za kundi la kwanza: zijue kwa kichwa, maana ukifika huko wakati unaweza kuwa unatembea tena. Wengi hufa hapo kwa sababu wamestarehe, miali inaanza tena kusogea na wao bado wanatembea kwa utulivu.

Sasa hoja ya rafiki yako. Ni kweli, Quick Man ni bosi anayeumizwa na Time Stopper. Ukiiwasha mbele yake anaganda, na uhai wake unapungua pole pole kadiri nishati yako inavyoisha. Kwenye kiwango cha Difficult, mstari uliojaa humwondolea karibu nusu ya uhai, hadi hapo. Nusu iliyobaki ni yako na mikono yako. Ukichagua njia hii, iwashe mwanzoni kabisa mwa pambano, ukiwa mbali naye, kwa kuwa ukimgusa akiwa ameganda unaweza kuumia. Mstari ukiwa unamwagika, sogea mahali utakapopendelea kuanzia: sakafu ya chumba chake ina ngazi zisizo sawa, na kuanza ukiwa umebanwa chini ya ngazi ndiko kunakopoteza watu wengi.

Je, ni biashara nzuri? Kwa maoni yangu, kwa mchezaji wa kawaida siyo. Sababu yangu ni hii: miali haina dawa nyingine yoyote, lakini Quick Man anazo. Crash Bomber humuumiza sana. Risasi za kawaida pia humuumiza, polepole lakini kwa uhakika. Kifaa ambacho hakina mbadala kitumie mahali pasipo na mbadala. Ila kama umeshazikariri skrini zote za kundi la pili na unazipita bila silaha mara nne katika tano, basi rafiki yako atakuwa sahihi kwa upande wako, na kumwingia bosi ukiwa na nusu ya kazi imeshafanyika ni faida kubwa. Uamuzi unategemea unapofia wewe. Hesabu vifo vyako kumi vijavyo, uone vingapi ni vya miali na vingapi ni vya bosi. Jibu lako litakuwa hapo.

Ukiitumia kwenye miali, mpango wa bosi uwe Crash Bomber. Una mabomu saba na yanahesabika, kwa hiyo usiyamalize kwenye Sniper Armor kabla ya mlango. Hapo kishawishi ni kikubwa, maana yale madude huanguka upesi kwa mabomu. Yapige kwa silaha nyingine ukiwa na subira, mabomu yabaki. Ukiwa ndani, Quick Man huruka, hurusha bumerangi zake, na hukukimbilia ghafla. Bomu halilipuki likitoka mkononi, linahitaji kugusa kitu. Kumfukuza ukirusha hovyo ni kupoteza. Subiri anapotua au anapokimbia kukuelekea, ndipo umrushie.

Jambo linalowachanganya wengi, na nadhani limekuchanganya nawe, ni nishati inarudi lini. Ukifa, unarudi kwenye kituo cha karibu, uhai wako umejaa, lakini nishati ya silaha inabaki ilivyokuwa. Umetumia Time Stopper ukafia kundi la pili? Maisha yako yote yaliyobaki utayapitia bila hiyo. Inajaa tena ukimaliza maisha yote ukaona Game Over, kisha ukachagua kuendelea. Hasara ni kwamba Game Over hukunyang'anya E-Tank (vile vitu vya akiba vya kujaza uhai) ulizokusanya, na katika toleo hili unaweza kubeba nne tu. Kwa hiyo kama huna E-Tank, usilie juu ya maisha mawili yaliyobaki ukiwa huna Time Stopper. Yatumie kama shule: shuka kundi la pili bila silaha, kufa, jifunze skrini moja zaidi, halafu Game Over ikikujia anza upya na mstari uliojaa. Kama unazo E-Tank tatu au nne, hapo ina maana kupigania kila maisha.

Njia ya pili ya kujaza ni vidonge vya nishati vinavyoangushwa na maadui. Kidogo hurudisha vipimo viwili, kikubwa kumi. Sharti ni kwamba kidonge hujaza silaha uliyoishika wakati huo tu. Ukikiokota ukiwa na silaha ya kawaida, kimepotea. Kwa hiyo ukikiona chini, fungua menyu, chagua F, kiokote, fungua tena menyu urudi kwenye silaha yako, na katikati ya hayo yote kidole kiwe mbali na B. Pia si lazima mstari ujae ndipo uiwashe: ukiwa na nusu utapata nusu ya muda, na wakati mwingine nusu inatosha kwa skrini mbili zinazokushinda.

Umeuliza kwa nini watengeneze silaha ya namna hii. Swali zuri, na jibu lake linaonekana ukiangalia gemu nzima. Metal Blade ni rahisi, ina nguvu na haiishi, kiasi kwamba mtu anaweza kuitembeza kila mahali na kusahau kuwa ana nyingine. Capcom wakaweka sehemu ambazo wingi wa visu hausaidii chochote. Miali ya Quick Man ni mojawapo. Nyingine utaikuta mbele, kwenye ngome ya Dr. Wily hatua ya nne: chumba cha mizinga mitano ya ukutani iitwayo Boobeam, iliyokingwa na kuta, ambayo hudhuriwa na Crash Bomber peke yake. Una mabomu saba, na kuta nazo hula mabomu. Ukivunja kila ukuta unaouona, utabaki na mizinga hai na mkono mtupu. Pale inabidi uzungukie baadhi ya kuta kwa kutumia zile Item za kupandia, na mabomu uyaweke kwa hesabu. Na adui wa mwisho kabisa, yule wa umbo la kiumbe wa anga, anadhurika kwa Bubble Lead, silaha ambayo wengi hawajaigusa tangu waipate. Silaha hizi zote zina tabia moja: thamani yake haipo kwenye kupiga sana, ipo kwenye kuwepo, ikiwa imejaa, dakika moja maalumu. Time Stopper ndiyo kali zaidi kati yake kwa sababu haikupi hata bonyezo la pili la kusahihisha.

Kabla hujajilaumu kuhusu kusita kwako, kagua vifaa. Runinga nyingi za kisasa huchelewesha picha, na kwenye miali kucheleweshwa kidogo tu kunatosha kukuua. Tafuta kwenye mipangilio ya runinga hali ya gemu uiwashe. Padi isiyo na waya nayo huongeza ucheleweshaji, ijaribu ya waya ulinganishe. Kama unachezea simu kwa vitufe vya kwenye kioo, kazi ni ngumu maradufu, kwani kidole hakijui kitufe kilipo bila kutazama. Na kama unatumia toleo la Ulaya la zamani, linakwenda kwa fremu 50 kwa sekunde badala ya 60, kwa hiyo mapigo uliyokariri huko hayatalingana ukihamia toleo la Marekani. Ukiwa na Mega Man Legacy Collection ya 2015, hifadhi ukiwa ukingoni mwa kundi la pili, mstari umejaa, kisha rudia hapo hapo mara ishirini. Dakika ishirini za namna hiyo zinafundisha kuliko jioni tatu za kuanzia juu.

Ukiona umefanya yote haya na bado unafia skrini ileile, tafuta mtu akae kando yako. Awe anaijua gemu au la, si lazima. Mwambie asitazame skrini, atazame vidole vyako. Mara nyingi ataona usichokiona: unaachia kitufe cha upande kila unapotua, au unaruka ukingoni bila kujua. Kwenye kibanda cha gemu muulize fundi aifungue padi. Mpira wa chini ya kitufe ukichakaa, kitufe cha kushoto huitika mara moja na kukataa mara ya pili, na hakuna mbinu itakayotibu hilo.

Kidole gumba kinachouma usikifanyie mzaha. Kwenye hatua hii kidole cha kushoto hushikilia na kubadilisha pande bila kupumzika, na mtu mwenye hofu hubonyeza kwa nguvu isiyohitajika. Kitufe hakiongezi kasi kwa kubanwa zaidi. Cheza nusu saa, pumzika dakika kumi, na kwa sasa acha kabisa siku tatu nne. Kama maumivu yanashuka hadi kwenye kifundo cha mkono, kama kuna uvimbe au ganzi, au kama wiki mbili za kupumzika hazikuleta nafuu, nenda kamwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, umweleze wazi kwamba ni gemu na ni saa ngapi kwa siku.